Mashauri ya Nyumbani: Pembe ya Ng'ombe Si Kucha



Miongoni mwa barua nilizopokea juma lililopita imo moja iliyonifanya niweke kando mambo mengine niliyokusudia kuyaandika. Imetoka kwa mama mmoja, mke wa askari, anayefuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba yao. Anasema ng'ombe huyo ana umri wa miaka mitatu, amezaa kwa mara ya kwanza, na ndama wake wa kike ana majuma matatu. Siku chache baada ya kuzaa, ng'ombe huyo alimpiga pembe ya paja mtoto wa jirani aliyesogea karibu na ndama, na mtoto akashonwa nyuzi sita. Jirani amekasirika, na ana haki ya kukasirika. Bwana wa nyumba yuko kazini mbali na hatarajiwi kurudi karibuni. Basi fundi mmoja mwenye msumeno amejitolea kuzikata pembe zote mbili asubuhi moja kwa malipo kidogo. Amemhakikishia mama kwamba pembe ni kama kucha, haina uhai wala haiumi. Mama anauliza: "Bwana Mwandishi, nimruhusu?"

Jibu langu fupi ni hili: mama, usimruhusu. Hata hivyo jibu lisilo na sababu halimsaidii mtu, maana fundi atarudi kesho na maneno matamu zaidi. Naomba basi nieleze kilichomo ndani ya kichwa cha ng'ombe, na jinsi wataalamu wa siku hizi wanavyokichungulia bila ya kukipasua.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, marehemu baba yangu alikuwa na ng'ombe wa Ankole tuliyemwita Bihogo, kwa rangi yake nyekundu iliyokolea. Alikuwa mpole kwa watu lakini mkali kwa ng'ombe wenzake, na siku moja alimtoboa mwenzake ubavuni. Baba alishauriwa amkate pembe. Wakaja vijana watatu, wakamfunga Bihogo kwenye mti, wakamkata pembe kwa msumeno wa mbao. Damu iliruka mpaka kwenye mashati yao. Walitia majivu, wakachukua fedha yao, wakaenda zao.

Asubuhi ya pili palikuwa na baridi. Nilipanda juu ya jiwe nikachungulia pale palipokatwa. Sikuona nyama wala mfupa mtupu, bali niliona tundu jeusi lililoingia ndani ya kichwa. Na kila Bihogo alipopumua, mvuke ulitoka kwenye tundu lile kama unavyotoka puani. Nilikimbia kumwambia mama yangu kwamba ng'ombe anapumua kwa pembe. Alinicheka. Kabla ya juma kwisha, nzi walikuwa wamekwisha kutaga. Bihogo akaanza kutoa usaha kwenye pua ya upande mmoja, akainamisha kichwa, akafumba jicho nusu, akaacha kula. Majuma matatu baadaye tulimzika. Baba alisema ni kijicho cha watu, na sikuwa na la kumjibu.

Nilipata dokezo la kwanza la jibu miaka mingi baadaye, chuoni mwa ualimu. Mkufunzi wetu wa sayansi alileta darasani fuvu la ng'ombe lililokatwa kwa msumeno kutoka puani hadi kisogoni. Nilishangaa kuona kwamba juu ya mahali pa ubongo palikuwa na mapango matupu, yametengwa kwa kuta nyembamba za mfupa, na pango moja lilielekea kwenye pembe. Nilikumbuka mvuke wa Bihogo. Nilipouliza mapango ya kushoto na ya kulia yanatenganishwa na nini, mkufunzi alitabasamu akasema, "Na ukuta wa katikati. Lakini msumeno wetu umepita papo hapo, na ukuta wenyewe umekuwa unga."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya elimu ya maumbile ya mwili kwa karne nyingi. Ukitaka kuona ndani ya fuvu hapana budi ulivunje, na ukilivunja unaharibu sehemu ya kile ulichotaka kukiona.

Njia ya kwanza ya kuona ndani bila ya kisu ilipatikana tarehe 8 Novemba 1895, pale Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani, alipogundua miali tunayoiita eksirei. Kwa kazi hiyo alipewa Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 1901. Lakini picha ya kawaida ya eksirei ina upungufu wake. Huonyesha vitu vyote kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, mithili ya kivuli ukutani. Kiganja cha mkono huonekana vizuri kwa kuwa ni chembamba. Kichwa cha ng'ombe, chenye mifupa ya kulia na ya kushoto, meno, taya na mapango, hutoa kivuli kilichochanganyika.

Aliyekata fundo hilo alikuwa mtu ambaye wasomaji wetu askari watapenda kumsikia. Jina lake Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1919 na kukulia katika shamba la baba yake, wilaya ya Nottinghamshire. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia katika jeshi la anga, akajifunza mitambo ya rada na kuwafundisha wenzake. Baada ya vita aliajiriwa na kampuni ya EMI, iliyojulikana sana kwa sahani za santuri. Huko alijiuliza: kama nitapitisha miali katika sanduku nikiwa pande zote za sanduku hilo, na kupima kila mara ni kiasi gani cha miali kimetokeza upande wa pili, je, kompyuta haiwezi kupiga hesabu na kunionyesha kilichomo?

Jaribio lake la kwanza lilichukua siku tisa kupima kipande kimoja tu, na kompyuta ilihitaji saa mbili na nusu kupiga hesabu zake. Alijaribu ubongo wa binadamu uliohifadhiwa katika dawa, lakini dawa ile ilikuwa imeugeuza. Alihitaji ubongo mbichi. Akaenda machinjioni, akachukua ubongo wa ng'ombe, akaubeba kuvuka jiji la London, akauweka katika mtambo wake. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, kabla mashine hii haijampima mgonjwa wa kwanza, ng'ombe alikwisha kuitumikia. Mgonjwa huyo wa kwanza alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Nishani ya Nobel ya tiba pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, ambaye alikuwa ameziandika hesabu za jambo hilo peke yake katika miaka ya 1963 na 1964.

Mashine hiyo ndiyo inayoitwa siti skani. Ina umbo la duara kubwa lenye tundu katikati, na kitanda kinachopita katika tundu hilo. Ndani ya duara mna taa ya eksirei inayozunguka, na mkabala wake vipo vipimio vinavyopokea miali. Kompyuta hukusanya vipimo vya kila upande, kisha hutoa picha ya kipande chembamba, kama vile mtu angekata mkate na kutazama uso wa kila kipande; ila hapa mkate wenyewe unabaki mzima. Katika mashine za leo, kipande kimoja huweza kuwa chembamba kuliko milimita moja. Vipande vikipangwa kwa taratibu, kompyuta hulijenga fuvu zima, nawe waweza kuligeuza, kuliangalia kwa chini, au kuondoa mfupa mmoja na kuurudisha.

Kila kitu kina namba yake katika picha hizo, na kipimo chenyewe kinaitwa kwa jina la Hounsfield. Maji yamepewa sifuri. Hewa ni elfu moja chini ya sifuri, huonekana nyeusi. Mfupa mgumu huweza kufika elfu moja na zaidi juu ya sifuri, huonekana mweupe. Ndiyo maana mashine hii inafaa sana kwa fuvu la ng'ombe, ambalo aghalabu ni mfupa na hewa. Pango la afya huonekana jeusi. Pango lililojaa usaha huonekana la kijivu, na daktari hutambua maradhi mara moja.

Wanavyuoni wa utabibu wa mifugo katika nchi mbalimbali wamevipitisha vichwa vya ng'ombe katika mashine hizo. Mara nyingi hutumia vichwa kutoka machinjioni, maana kumweka ng'ombe mzima aliye hai katika siti skani si jambo jepesi. Kwanza ni uzito: vitanda vya hospitali vimetengenezwa kwa ajili ya watu. Pili, mnyama lazima alale kwa nusu kaputi ili asitikisike, na mnyama anayecheua akilazwa hivyo huweza kuvimba tumbo kwa gesi au kupaliwa na chakula kinachorudi kooni. Tatu ni tundu lenyewe. Katika mashine nyingi lina upana wa sentimita 70 hivi, na kila aliyewahi kusimama mbele ya ng'ombe wa Ankole anajua kwamba pembe zake hazitapita hapo hata kwa kubembelezwa. Hivyo wagonjwa walio hai wanaopimwa kwa mashine hii aghalabu huwa ndama.

Basi picha hizo zinatuonyesha nini? Yapo mambo manne yanayotuhusu sisi wafugaji wa nyumbani.

La kwanza ni kwamba paji la uso wa ng'ombe mzima lina tabaka mbili za mfupa, na kati yake pana mapango ya hewa yaliyofunika karibu paa lote la ubongo. Ubongo wenyewe ni mdogo, kama nusu kilo hivi, nao umejificha chini na nyuma. Kichwa kile kikubwa kinachotutisha kimejaa hewa kwa sehemu kubwa.

La pili, pembe si kucha. Gamba la nje ndilo linalofanana na kucha, nalo kweli halina uhai. Lakini gamba hilo ni ala tu. Ndani yake mna mfupa hai, wenye damu nyingi na mishipa ya fahamu, unaoota kutoka katika mfupa wa paji la uso. Katika ng'ombe mkubwa, pango la paji hupenya na kuingia ndani ya mfupa huo. Anayekata pembe ya ng'ombe mzima kwenye shina amefungua paa la nyumba, na mvua, vumbi na nzi vitaingia sebuleni. Mvuke niliouona nikiwa mtoto ulikuwa pumzi ya Bihogo, iliyotoka puani ikapita katika mapango na kutokea kwenye pembe. Mama yangu alinicheka, lakini macho yangu hayakunidanganya.

La tatu, mapango hayo yanaungana na pua kwa vijia vyembamba sana. Usaha ukiwa mzito, vijia huziba, nao hukaa ndani na kuoza. Na kwa kuwa ule ukuta wa katikati hutenganisha mapango ya kushoto na ya kulia, ugonjwa huonekana upande mmoja: pua moja inatoa usaha wenye harufu mbaya, jicho moja limefumba nusu, kichwa kimeinama. Ukiona dalili hizo kwa ng'ombe aliyekatwa pembe, hata kama ni miezi kadhaa iliyopita, usingoje juma lipite; mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

La nne ndilo lenye matumaini. Ndama hazaliwi na mapango haya katika ukubwa wake. Fuvu la ndama mchanga lina paji la mviringo, na mapango yake ni madogo mno. Hukua pamoja naye, na huanza kuingia katika pembe baada ya miezi sita hivi. Tena, chipukizi la pembe hapo mwanzo limekaa katika ngozi tu, halijashikana na fuvu. Hushikana na mfupa umri unapofika kama miezi miwili. Kwa hiyo upo muda mfupi ambapo pembe yaweza kuzuiwa bila ya kugusa chumba chochote cha kichwa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Sasa nirudi kwako, mama uliyeniandikia.

Kuhusu ng'ombe mkubwa, mwambie fundi ahsante, abaki na msumeno wake. Muite bwana mifugo, akate ncha tu za pembe. Ncha ni gamba tupu lisilo na damu, na ikiwa butu haitoboi. Ataweza bado kusukuma, kwa hiyo jengeni boma lenye mlango, na watoto wakatazwe kuingia ng'ombe anaponyonyesha. Ng'ombe aliyezaa karibuni humlinda mwanawe kama wewe unavyomlinda wako. Na jirani, nakuomba, nenda kwake kabla ya jua kutua, ukiwa na maziwa ya mtoto mkononi. Mwambie umepata shauri na unalitekeleza.

Ikiwa daktari wa mifugo ataona kwamba pembe hazina budi kuondolewa, basi na afanye mwenyewe. Atadunga dawa ya ganzi kati ya pembe ya nje ya jicho na shina la pembe, maana huko ndiko unakopita mshipa wa fahamu wa pembe. Atazuia damu, atafunika tundu, na atachagua wakati ambapo nzi ni wachache. Gharama yake ni kubwa kuliko ya fundi, lakini ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe.

Kuhusu ndama wako wa majuma matatu, hapo una bahati. Mwambie bwana mifugo amshughulikie siku hiyo hiyo anapokuja, kwa chuma cha moto na kwa ganzi. Usikubali mtu asiyejua akandamize chuma kwa muda mrefu, kwani chini ya chipukizi la ndama mfupa ni mwembamba na ubongo uko karibu. Kwa watoto wa mbuzi hatari hiyo ni kubwa zaidi, na wengi wamekufa kwa mikono mizito. Wako wanaotumia dawa kali ya kupaka. Hiyo hutumika katika siku za mwanzo za maisha ya ndama, nayo huunguza mikono, macho ya ndama na kiwele cha mama yake, na mvua ikinyesha humiminika usoni. Usiiguse bila ya mafunzo.

Na kwa siku zijazo, ukitaka kupandisha ng'ombe wako, uliza kama lipo dume lisilo na pembe kwa asili. Tabia hiyo ya kutokuwa na pembe hurithiwa kwa nguvu kuliko ya kuwa nazo. Dume lililoirithi kutoka kwa baba na mama yake pia huzaa ndama wasio na pembe, hata kwa jike mwenye pembe.

Nisieleweke vibaya na ndugu zangu wa Ankole. Sikusema kila pembe iondolewe. Pembe ndefu ni fahari ya ng'ombe wetu, na damu inayopita ndani yake humsaidia mnyama kupunguza joto la mwili. Kwenye malisho mapana pembe zina kazi yake. Ninasema tu kwamba, aliye na sababu ya kuziondoa na aziondoe mapema, kwa ndama, na kwa mkono wa aliyefunzwa.

Mama, majuma matatu ya ndama wako yatakuwa majuma manne utakapokuwa ukisoma ukurasa huu. Bado wakati upo. Tuma mtoto kwa bwana mifugo kesho asubuhi, kisha uniandikie mlivyofanya, nami nitawaarifu wasomaji.

Hadi juma lijalo, kwaherini.